Ujuzi Hauzeeki, Lakini Mgongo Huzeeka

Wahenga walinena ya kwamba ujuzi hauzeeki. Ni kauli ya kweli, nami niliifundisha darasani kwa miaka mingi bila kuitilia shaka. Hata hivyo, wahenga hao hawakutuambia tufanyeje pale ujuzi usiozeeka unapokuwa umehifadhiwa ndani ya mwili unaozeeka: magoti yanayolia, mgongo usiokunjika, na macho yasiyoiona nati iliyo umbali wa shubiri moja. Swali hilo lilinijia kwa uzito alasiri moja huko Makupa, katika gereji ya kando ya njia ambako nimekuwa nikipeleka gari langu kuukuu kwa zaidi ya miaka 20.

Alikuja mteja, kijana nadhifu, gari lake likilia breki. Fundi wangu, ambaye ametimiza umri wa miaka 64, aliinuka kwenye kigoda chake ili ampokee. Mteja alizitazama mvi zake, akaitazama miwani yake iliyofungwa kwa uzi, kisha akasema kwa adabu zote: "Ami, wewe pumzika. Niitie kijana mwenye nguvu." Mzee hakujibu neno. Alimwita kijana mmoja, akarudi kigodani pake. Kijana yule alilala chini, akaikamata bolti iliyoganda, akaipigania kwa nguvu zake zote. Bolti ilikatika kichwa.

Kilichofuata ndicho kilichonisumbua moyoni. Kuanzia saa tisa hadi karibu na magharibi, ni mzee yule aliyekaa akikitoboa kwa subira kipande kilichosalia ndani, bila kuharibu njia ya bolti. Kazi ilipokwisha, mteja alimlipa kijana, akamshukuru kijana, akaondoka. Mzee alipewa sehemu yake na kijana mwenyewe, kwa haya.

Nimelitafakari tukio lile mara nyingi, na nimetambua kwamba kosa la mteja yule ni kosa letu sote. Tumekubali kuamini kwamba ufundi wa magari ni kazi ya misuli, kwa hiyo misuli inapopungua, fundi naye amekwisha. Mimi nilipostaafu nilipewa barua na pensheni. Tangu mwaka 2009 mwalimu wa serikali nchini Kenya hustaafu akiwa na umri wa miaka 60, si 55 tena. Fundi wa kando ya njia hana barua. Barua yake ya kustaafu huandikwa na macho ya wateja. Kwa magari, tumeweka kanuni iliyo wazi: gari kuukuu lililopita umri wa miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa mafundi hatukuandika kanuni yoyote, lakini tunawahukumu kwa mvi.

Hoja yangu leo ni kwamba fundi mzee hashindwi na kazi. Hushindwa na namna tulivyoipanga kazi. Zipo zana, na zipo mbinu, zinazomwezesha mtu wa miaka 60 au 70 kuendelea kufanya kazi ya magari kwa usalama na kwa heshima. Nyingi kati ya hizo si ghali. Isitoshe, zimejengwa juu ya sayansi ile ile ambayo wanafunzi wetu huikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau siku ya pili yake.

Tuanze na mahali penyewe. Makupa ni mlango wa kisiwa cha Mombasa upande wa bara. Malori yanayotoka Kilindini kuelekea Nairobi na Kampala huuvuka mlango huo, na tangu mwaka 2022 magari hupita juu ya daraja jipya lililojengwa ili maji ya bahari yapite chini yake tena, baada ya kuzibwa na tuta la barabara kwa miaka mingi. Upepo wa bahari hiyo hiyo ndio adui wa kwanza wa fundi. Chumvi iliyomo hewani huchanganyika na unyevu na kuharakisha kutu, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matamu, nako kutu ni kazi ya kemia na umeme kwa pamoja. Bolti ambayo ingefunguka kwa urahisi Nakuru, hapa huwa imekwisha kuoana na chuma.

Ndoa ya namna hiyo haivunjwi kwa mabavu. "Mwalimu," fundi wangu aliniambia siku moja, "chuma hakipigwi vita. Chuma chabembelezwa." Yeye huipaka bolti mafuta mepesi ya kupenyeza jioni, akaiacha ilale. Asubuhi huigonga kichwani mara kadhaa kwa nyundo ndogo, ili mtikisiko upasue kutu na kuyapa mafuta nafasi ya kuingia. Kisha, kabla ya kuifungua, huikaza kidogo sana, kwani kutu iliyopasuliwa upande mmoja huwa nyepesi kuachia upande wa pili. Ikikataa, huipasha moto nati ili itanuke, lakini hilo hulifanya tu mahali palipo mbali na tangi la petroli na mipira ya breki. Hakuna hata moja kati ya mbinu hizo inayodai kifua cha kijana wa miaka 20. Zinadai subira, na subira ni mali ambayo uzee huiongeza.

Sasa tuje kwenye wenzo. Walimu wenzangu hawana budi kutabasamu hapa, kwa kuwa katika semina zetu tumezoea kuzungumzia "nyenzo za kufundishia" hata tukasahau kwamba wenzo, kwa asili, ni mti au mtalimbo wa kuinulia kitu kizito. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba nguvu ya kuzungusha ni zao la nguvu inayosukuma na urefu wa mkono wa wenzo. Tuiweke kanuni hiyo Makupa. Mzee anayeweza kusukuma kwa nyutoni 200, yaani kama uzito wa mzigo wa kilo 20, akishika spana yenye urefu wa sentimita 25 hupata nyutoni-mita 50. Akichomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana ile ile hadi ifikie nusu mita, hupata 100, ambazo ndizo kiasi cha kukazia nati za magurudumu ya magari mengi madogo. Hakuongeza misuli, ameongeza bomba. Tahadhari ni moja tu: bomba ni la kufungulia, si la kukazia. Anayekaza kwa bomba hukata bolti au huiacha nati ambayo dereva hataweza kuifungua akipata pancha usiku njiani. Kukaza kwataka spana ya kupimia mkazo.

Kuhusu mgongo, ushahidi ninao mwilini mwangu. Miaka kadhaa iliyopita niliinama mbele ya gari langu, nikanyoosha mikono, nikaitoa betri kwa mkupuo mmoja kama nilivyofanya nikiwa kijana. Nilisikia kitu kikiachia kiunoni, na kwa muda wa majuma matatu niliswali nikiwa nimekaa kitini. Betri ile haikuzidi kilo 15. Kilichoniumiza ni umbali wake. Misuli ya mgongo huuvuta uti wa mgongo kutoka umbali mdogo sana, takriban sentimita 5. Mzigo ulioshikwa nusu mita mbele ya mwili uko mbali mara 10 kuliko misuli hiyo. Kwa hiyo betri ya kilo 15 huidai misuli ivute kana kwamba inabeba kilo 150, mbali na uzito wa kiwiliwili chenyewe kilichoinama. Ningaliisogeza kwanza hadi ukingoni, nikaikumbatia kwa umbali wa sentimita 20, dai hilo lingalishuka hadi 60. Wenzo unaomsaidia mtu kwenye spana ndio huo huo unaomhasiri kiunoni. Mimi niliyeifundisha kanuni hii ubaoni nililazimika kufundishwa upya na betri.

Fundi wangu aliponitembelea, hakunipa pole nyingi. Alinipa kanuni yake: kazi ipande kwa fundi, fundi asishuke kwa kazi. Kwa sababu hiyo yeye hulipandisha gari kadiri inavyowezekana, akaliegemeza juu ya stendi imara zilizosimama kwenye sakafu ngumu. Haingii kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, kwa kuwa jeki ya mafuta ikivuja mpira mmoja tu hushuka bila kumpigia hodi mtu yeyote. Panapolazimu kulala chini, hulala juu ya ubao wenye magurudumu madogo manne. Panapotosha kupiga magoti, hutandika kipande cha sponji ya kochi la zamani. Giaboksi, ambayo katika magari mengi madogo hufikia kilo 40 hivi, haishushi kifuani kama wafanyavyo vijana; huishusha kwa mnyororo wa kuinulia au juu ya jeki yenye magurudumu. Gurudumu halibebi; huketi kwenye kigoda mbele yake, akasukuma mtalimbo mfupi chini yake, akaliinua kwa mguu hadi matundu yakutane na bolti zake.

Wapo wanaosifu shimo la gereji, na kwa hakika shimo humwezesha mtu kufanya kazi akiwa amesimama. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutuama shimoni kama maji. Cheche moja ya taa yaweza kuligeuza shimo kuwa tanuri. Anayetumia shimo na aanze kwa kuhakikisha kwamba hakuna mafuta yanayovuja, na kwamba ipo njia nyepesi ya kutokea.

Macho nayo yana habari yake. Kuanzia umri wa miaka 40 na kitu, lenzi ya jicho hukakamaa, na vitu vya karibu huanza kufifia. Zaidi ya hayo, mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama thuluthi moja tu ya ule unaofika katika jicho la kijana wa miaka 20. Ndiyo maana mzee husema gereji ina giza, na kijana akadhani mzee ametia chumvi. Dawa ya kwanza ni taa inayovaliwa kichwani, inayofuata kila mahali jicho linapotazama na kuiacha mikono huru. Dawa ya pili ni miwani ifaayo. Hapa pana siri ambayo wengi hawaijui: miwani yenye sehemu mbili huwa na sehemu ya kuonea karibu upande wa chini, kwa ajili ya msomaji anayeinamisha macho kitabuni. Fundi aliye chini ya gari hutazama juu, kwa hiyo sehemu anayoihitaji huwa imekaa mahali pasipofaa. Miwani ya kusomea tu, yenye lenzi moja, humfaa zaidi akiwa huko, hata kama ni ya bei nafuu na imefungwa kwa uzi.

Mikono, masikio na kumbukumbu navyo vyataka kutunzwa. Mpini mwembamba huwatesa wenye maumivu ya viungo. Mpini uliozungushiwa mpira wa tyubu kuukuu hushikika bila kubanwa sana. Glavu si anasa, kwa kuwa mafuta machafu ya injini yana kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi, na kunawa kwa petroli huongeza madhara badala ya kuyapunguza. Sikio lililopoteza sauti nyembamba laweza kusaidiwa kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye beringi inayoshukiwa, mpini karibu na sikio, mbali na feni na mikanda inayozunguka, na chuma chenyewe huleta habari. Ama kuhusu kusahau, fundi wangu huzipanga bolti katika trei ya mayai kwa utaratibu alioufungulia, na siku hizi humwomba kijana apige picha kwa simu kabla ya kitu chochote kufunguliwa. Mtu akizeeka, hapaswi kuitegemea kumbukumbu yake peke yake, na ajabu ni kwamba kijana naye hapaswi.

Naam, hapo ndipo ilipo nukta yangu kubwa. Mbinu hizi tunaziita za wazee, na kwa kuziita hivyo tumewanyima vijana. Mgongo wa miaka 60 hautengenezwi mtu akifika miaka 60. Hutengenezwa, au huharibiwa, akiwa na miaka 20. Kijana anayeishusha giaboksi kifuani leo huku wenzake wakimshangilia anakopa, na deni hilo atalipa kwa riba atakapokuwa na watoto wa kusomesha. Nimewaona vijana wakiona haya kuketi kigodani au kuvaa glavu, wakidhani ni dalili za udhaifu. Huyo aliyekikalia kigoda amedumu kazini miaka zaidi ya 40. Je, ni wangapi kati ya waliomcheka watakaodumu hata 20?

Nitaambiwa kwamba zana ni ghali, na kwamba fundi wa kando ya njia hana mtaji wa kununua mnyororo wa kuinulia wala spana ya kupimia mkazo. Ni kweli kwa baadhi ya zana, si kwa zote. Sponji, trei ya mayai, mpira wa tyubu na kipande cha bomba huokotwa. Zilizobaki hazihitajiki kila saa. Gereji tano au sita zilizopakana zaweza kuchanga na kumiliki pamoja, kama majirani wetu walivyozoea kumiliki masufuria na maturubai ya harusi. Nitaambiwa pia kwamba zipo kazi ambazo mzee hana budi kuziacha. Nakubali bila ubishi. Mzee mwenye kizunguzungu asiingie chini ya gari, na asiyeona usiku asilijaribu gari barabarani baada ya magharibi. Kujua mpaka wako ni sehemu ya ufundi. Lakini kuacha kazi fulani si sawa na kuachishwa kazi zote.

Historia ya nchi yetu ina shahidi mzuri. Marehemu Joginder Singh, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 2013, alianzia maisha ya kazi katika gereji ya baba yake kabla ya kuwa dereva mashuhuri wa mbio za magari. Alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Aliposhinda mara ya tatu alikuwa na umri wa miaka 44, katika mashindano yaliyovunja magari ya vijana kwa tope na mawe. Aliyewahi kulifungua gari kwa mikono yake hulisikia linapolalamika, na hulipunguzia mwendo kabla halijavunjika.

Leo magari yana kompyuta, na mashine ndogo huchomekwa chini ya usukani ikaeleza kasoro kwa tarakimu. Vijana huisoma upesi kuliko wazee, nami nafurahi. Lakini tarakimu hutaja dalili, haitaji chanzo. Mashine yaweza kusema kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli si sawa. Haitasema kwamba sababu yake ni mpira uliopasuka mahali pasipoonekana. Hapo ndipo kijana mwenye mashine na mzee mwenye uzoefu wanapohitajiana. Gereji iliyo na mmoja wao tu ni gereji yenye jicho moja.

Nawageukia sasa walimu na wanafunzi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi elimu ya mikono, na mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umeirudia ahadi hiyo. Karakana nyingi za shule zilifungwa kwa kukosa vifaa, lakini karakana za Makupa hazijafungwa hata siku moja. Mwalimu wa fizikia aliye kisiwani anaweza kuwapeleka wanafunzi wake kwa miguu wakaone wenzo, msuguano, mtanuko wa chuma na kutu, vyote katika asubuhi moja. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho kilikuwa Politekniki tangu mwaka 1972 kabla ya kupandishwa hadhi mwaka 2013, kiko hapo Tudor. Si mbali mno na kigoda cha fundi wangu. Mzee kama yeye angeweza kualikwa kufundisha somo moja kwa muhula, akalipwa kwa ujuzi wake badala ya mgongo wake. Aidha, mamlaka ya mafunzo ya viwandani hutoa majaribio ya ufundi kwa madaraja kwa waliojifunzia kazini. Mwenye cheti hicho hahitaji kumthibitishia mteja kwamba mvi zake si ugonjwa.

Juma lililopita nilipita tena pale gereji. Fundi wangu alikuwa kigodani, taa kichwani, miwani na uzi wake mahali pake. Kijana aliyeikata bolti siku ile alikuwa amepiga magoti juu ya sponji, nyundo ndogo mkononi, akiigonga bolti nyingine iliyopakwa mafuta tangu jana. Aliikaza kidogo, kisha akaizungusha upande wa pili. Ilitoka nzima. Mzee hakumsifu. Alimwonyesha kwa kidole tundu la trei ya mayai ambamo bolti ile ilipaswa kuwekwa, nami nikajua kwamba hapo ujuzi umepata mwili mwingine wa kukaa.